Tronsoneze ya Papa Imekwisha Sauti

Papa alitangaza tukiwa tunakula, tonge la bugali mkononi, kwamba tronsoneze yake imekwisha. Msumeno ule wa injini ndio uliotulisha sisi wote. Ulipasua mikaratusi ikawa mbao, mbao zikawa nyumba, na hapa mtaa wa Keshero, Goma, ukinionyesha ukuta wa mbao wa zamani kidogo nitakuambia pengine ni kazi ya papa. Sasa alisema hauna nguvu tena, unanong'ona tu. Jumatatu angeushusha bandarini Kituku ukapande boti, binamu yake wa kisiwa cha Idjwi aupokee atoe vipuri.

Mimi na mama tuliangaliana. Tronsoneze ilikuwa nzima kabisa. Asubuhi ile ile ilikuwa imenguruma hadi mbuzi wa jirani akakata kamba. Kilichokuwa kimekwisha ni masikio ya papa, yaliyokaa karibu na ile mashini maisha yake yote bila hata kipande cha pamba. Lakini nani angemwambia? Mama alijaribu siku moja, akajibiwa kwamba watu wa siku hizi wanaongea ndani ya midomo. Na bila tronsoneze, nilijua papa atakuwa muzee wa kukaa kwenye kiti cha plastiki na kutazama pikipiki zikipita. Nilikasirika hadi chakula kikanishinda.

Mimi ni fundi wa jenereta. Atelie yangu ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, juu ya mawe meusi ya volkano ambayo hakuna meza inayosimama sawa juu yake. Hasira yangu hainipeleki kanisani, inanipeleka atelie. Nikamwambia papa nitaisafisha mashini kabla ya safari, maana si vizuri kumtumia ndugu kitu kichafu. Akakubali. Nikafunga mlango nikaanza kucheka peke yangu, kwa sababu wazo lenyewe lilikuwa la kichaa: watu wote wanatafuta mashini isiyopiga kelele, na mimi nataka kuiongeza.

Kelele ya tronsoneze inamezwa na silansie, kisanduku cha chuma kilichofungwa mbele ya injini. Moshi unazungushwa humo ndani hadi unatoka umetulia. Nilikifungua, nikakwangua masizi, nikatoboa tundu dogo pembeni. Nikarudishia, nikamwita papa, nikawasha. Alitazama mnyororo ukizunguka, akatikisa kichwa kwa huruma kama mutu aliyekuja kuona mgonjwa. Akasema si aliniambia, sauti imeisha, akarudi zake ndani.

Basi nikaona kumbe woga ndio ulioniponza. Nilifungua tena, nikakata sahani ya ndani inayozungusha moshi, nikaitupa. Nikapanua tundu kwa tupa hadi kidole gumba kikapita, nikachomelea kipande cha bomba ili moto usimrukie mwenye kushika. Wavu wa kuzuia cheche niliuacha mahali pake, sina wazimu kiasi hicho. Mama aliingia, akaangalia, akauliza kama nimeamua kuhamisha kartie nzima, mtaa wote.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Huku kwetu mlio mkubwa wa ghafla si mchezo, unaweza kuwa bomu, watu wanalala chini kwanza, maswali baadaye. Kwa hiyo alijifunga kitenge akapita nyumba kwa nyumba kueleza kwamba mchana watasikia kitu, wasikimbie, ni tronsoneze ya muzee tu. Hapo ndipo tulipokosea. Ukimwambia mutu wa Goma asijali, anabeba kiti anakuja.

Mchana ua wetu ulijaa watu. Mama mmoja alileta sinia ya karanga akaanza biashara. Papa alitoka, akashangaa umati, akadhani wamekuja kuiaga tronsoneze yake. Aliguswa kweli. Akaanza kuwasalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili, kama kwenye kilio, na wao wakapokea shukrani zake bila kujua ni za nini.

Nikavuta kamba. Hakuna kitu. Nikavuta tena, ikakohoa. Nilikuwa nacheka na kuogopa kwa pamoja, kwa sababu kama hata hii hataisikia, basi, Jumatatu ni Kituku. Nikavuta kwa nguvu zote.

Eh, mama yangu! Mabati ya atelie yalitetemeka, kuku wakapanda juu ya choo, karanga zikamwagika, watu wakaziba masikio na kupiga vigelegele ambavyo hakuna aliyevisikia. Mimi nilimtazama papa tu.

Alikuwa bado ameshika mikono ya jirani akimshukuru. Akaiachilia. Akageuza kichwa polepole, sikio moja, halafu la pili. Akaja akainama karibu na mashini. Ukifungua silansie namna ile, injini inavuta hewa nyingi, mafuta hayatoshi, na sauti inakuwa nyembamba, kali. Mimi nilikuwa naisikia, ila sikumwambia. Akanyoosha mkono bila kunitazama, nikampa turnevisi. Akazungusha skrubu ya mafuta kidogo, akasikiliza, akazungusha tena, hadi ule ukali ukashuka ukawa mngurumo mnene, wa kushibisha. Machozi yalinitoka huku nacheka, na sikuona haya hata kidogo.

Kisha akakunja uso, akanigeukia kwa hasira ya kweli.

"Nani alitoboa hii kitu? Munataka nikuwe kiziwi?"

Mama alijiziba mdomo kwa kitenge. Hakuna aliyethubutu kucheka hadi papa alipotupa mgongo, akaibeba tronsoneze yake hadi kwenye gogo la mkaratusi lililolala pale tangu mvua zilipoanza, akaanza kupasua. Vumbi la mbao lilimfunika hadi nyusi. Watu walicheka, wakajipangusa macho, wakahamisha viti vyao pembeni.

Mama alichukua simu akaenda nyuma ya nyumba, akampigia binamu wa Idjwi amwambie asingoje boti, mzigo hautakuja. Nilimfuata. Alikuwa anapiga makelele ili asikike, na upande wa pili binamu naye alikuwa anapiga makelele, akiuliza ni kitu gani hicho kinanguruma hivyo.

"Ni bwana yangu," mama alisema.