Oili ya Pomoni

Katika Bukoba nzima ya miaka ile iliyofuata Azimio la Arusha, sikumwona mtu mwingine aliyeweza kufumua injini yote, akaisuka upya, na asibakiwe na boliti mkononi. Nasema hivyo bila kuona aibu kwa sababu ni kweli. Niliondoka Kashozi na shati moja, nikavuka mpaka hadi Kampala, nikaosha magari ya watu mchana na kusoma jioni mpaka nikapata diploma ya ufundi wa magari. Hakuna mjomba aliyenilipia wala padri aliyenisemea. Niliporudi na sanduku la spana zangu mwenyewe, nilidhani watu wa nyumbani wangejua wanazungumza na nani.

Tata, yaani baba yangu, alikuwa na gari dogo la Kiingereza alilolinunua enzi za mkoloni, kahawa ilipokuwa na bei. Injini yake ilikuwa imekufa siku nyingi, na kuku walikuwa wakitagia kwenye viti. Aliniangalia nikilizunguka, akasema, "Lifufue. Siku dada yako akiolewa, umpeleke nalo Muleba. Ukifika bila kuchafua ua wa wakwe, gari ni lako, na nitasema mbele ya ukoo kwamba fundi wa nyumba hii ni wewe."

Gari nililitaka. Maneno ya mbele ya ukoo niliyataka zaidi, kwa maana katika nyumba ile aliyesifiwa siku zote alikuwa kaka yangu mkubwa, katibu wa tawi la Chama, ambaye hajawahi kushika spana.

Nilibadilisha ringi na beringi, nikasaga valvu kwa mkono, na injini ikawaka. Kesho yake nikakuta oili chini.

Fundi wa kubahatisha akiona oili chini hukaza boliti. Anazikaza mpaka ukingo wa sampu, yaani lile bakuli la bati linaloshika oili chini ya injini, unapinda, na uvujaji unazidi. Mimi niliishusha sampu, nikaulaza ukingo wake juu ya ubao na kuugonga polepole hadi ukanyooka, nikaweka gasketi niliyokuja nayo kutoka Kampala. Halafu nikazibua bomba la kupumulia, maana nyigu walikuwa wamejenga ndani yake kwa udongo, na injini isiyopumua husukuma oili nje kila penye upenyo. Nyuma, krenki shafti, ule mhimili mkuu wa injini, inapotokea kuelekea kwenye klachi, magari ya aina ile hayakuwa na sili ya mpira. Yalikuwa na mfereji tu, umechongwa kama uzi wa skrubu, wa kurudisha oili ndani. Mfereji huo unafanya kazi vizuri oili ikiwa kwenye kipimo. Oili ikizidi, unazidiwa.

Nilipomaliza nilitandika shuka jeupe la mama chini ya gari lililotoka kutembezwa. Likabaki jeupe. Tata aliinama, akalipapasa kwa kiganja, akatikisa kichwa taratibu kwa kuridhika. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo kwa ajili yangu.

Wiki haikuisha, oili ikawa chini tena. Nilichomoa fimbo ya kupimia, nikaona imelowa mbali juu ya alama.

"Nani ameongeza oili?"

"Mimi," kaka akajibu, tena kwa fahari. "Niliona umeiwekea nusu."

"Si nusu. Ni kipimo. Alama hii hapa."

"Alama ya nani? Ya Mwingereza?" Akawageukia majirani waliokuwa wamesimama pale. "Waitu, tumepata uhuru, huyu bado anapimiwa!"

Wakacheka mpaka mmoja akashika mti.

Asiyetoka kwetu hataelewa. Kwetu mgeni akipewa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kibuyu hujazwa pomoni, mpaka tone limwagikie nyasi za sakafuni. Ukimpa kibuyu ambacho hakijafika mdomoni umemwambia hukumtaka. Kaka alikuwa akiikaribisha injini. Oili ilikuwa adimu siku hizo, lakini katibu hakosi galoni, na galoni yake aliimimina yote kwa roho safi. Niliipunguza, nikamweleza Tata kwa maneno mepesi kabisa kwamba injini haina haja ya ukarimu. Tata akamwambia kaka, "Mwache fundi afanye kazi yake." Nikaamini yamekwisha.

Asubuhi ya harusi nilipima oili mwenyewe. Iligusa alama. Nililiegesha gari nje ya kanisa, nikaingia kusali na wenzangu.

Baada ya misa tukaanza safari ya Muleba. Nyuma alikaa bibi harusi na shangazi yetu, mbele nimekaa na kaka. Kwenye mlima wa kwanza klachi ikaanza kuteleza. Shangazi akauliza, "Nini kinaungua?" Nikasema ni joto. Moyoni nilijua ni oili, na sikuelewa inatoka wapi.

Wakwe walikuwa wametandaza nyasi mbichi tangu barabarani hadi mlangoni. Vigelegele vikapigwa, dada akashushwa, na kabla hajafika mlangoni mama wa bwana harusi alikuwa ameinama akitazama chini ya gari. Nyasi zilikuwa nyeusi, na oili ilikuwa bado inachuruzika.

"Wakwe," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "bibi harusi mmemleta na mafuta yake ya kupikia?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Kaka akacheka kuliko wote. "Msishangae, ni diploma hiyo inavuja!"

Nilifungua boneti mbele ya wageni, na suti yangu, nikachomoa fimbo. Nikamwangalia.

"Nililishibisha mlipokuwa mnaimba," akasema. "Gari la bibi harusi liende na tumbo nusu? Watu wangetuonaje?"

Tuliporudi Kashozi, habari ilikuwa imeshafika. Nilimkuta Tata amekaa mlangoni. Nikamwonyesha fimbo, alama, na mahali oili ilipofika. Nikamweleza habari ya mfereji wa nyuma. Sikupandisha sauti. Kaka hakukana neno hata moja.

Tata alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo kaka yako alitoa oili yake," akasema.

"Ndiyo, Tata, na ndiyo iliyo—"

"Akaimimina yote."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unaipunguza."

"Tata, ni kipimo. Injini inahitaji kipimo."

"Kampala walikufundisha kunyima," akasema, wala hakuwa na hasira. Akampa kaka ufunguo. Siku ukoo ulipokutana, alisema mbele ya wote kwamba gari ni la mwanawe mkubwa, mwenye mkono mkunjufu. Mimi hakunitaja. Nilikuwa nimekaa pale pale, hatua chache kutoka kwake.

Nilihamia mjini, nikafungua gereji Kashai. Magari ya madaktari na ya mapadri yalikuja kwangu, hakuna lililoondoka likidondosha, na nusu ya mafundi wanaojisifu leo Miembeni nimewafundisha mimi. Kaka aliendelea kulishibisha lile gari kwa ajili ya mikutano ya Chama mpaka klachi ikalowa kabisa, kisha beringi zikalia, na likarudishwa bandani. Hawakuniita. Tata alikufa akiwaambia wageni wake kwamba ilikuwa injini nzuri sana, ila ilisukwa na mtu mwenye mkono wa birika, ndiyo maana haikudumu.