Baba mkwe na walevi wa kwenye TV

Leo baba mkwe kanifuma sebuleni na wanaume walevi.

Walikuwa kwenye TV, lakini ngojeni.

Naangalia dokumentari ya wale waimbaji walevi wakorofi wa muziki wa kantri wa zamani wa Marekani, ugonjwa wangu mnaujua. Mara mzee huyo mlangoni, katoka kanisani na Biblia yake.

Nikapiga goti. "Shikamoo baba."

Kumbe goti limebonyeza rimoti. Sauti ikapanda mpaka mwisho!

Hakuitikia. Kakazia macho TV.

"Anasemaje huyo mwenye gitaa?"

Nikatafsiri: "Kampuni ilimtaka aondoe ubeti mmoja, baba. Akagoma, wakamfungia milango."

Nikajua leo narudishwa kwetu.

Mzee akakaa.

"Na mimi hivyo hivyo. Miaka ya tisini, wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia kule Bujora, niliimba mizani yao inavyotuibia. Redioni wakasema toa ubeti huo. Nikakataa. Wimbo haukupigwa hata siku moja."

Akauimba. Ubeti ule ule, kwa Kisukuma.

Jikoni, mama mkwe akaitikia. Hakukosea hata neno.

Shikamoo yangu haijajibiwa mpaka sasa. Nyie mngedai?