Mwende na Kivuli Chake

Siku hiyo nyumbani kwangu Kitengela tulikuwa mimi, mjukuu wangu Mwende (msichana wa binti yangu Kalekye, huniita Susu, yaani bibi), Mama Nashipae jirani, na Shemasi Mutua, ndugu wa marehemu mzee wangu.

Mwende nilikuwa nimemkuta nyuma ya nyumba akirusha ngumi hewani, peke yake, anapumua kama nyoka. Nikauliza ni nini.

"Susu, napigana na kivuli. Kesho wanachagua timu."

Mimi nilisikia kivuli tu. Nikaita watu wa maombi.

Nikamshika mikono, nikapaaza sauti: "Bwana, fukuza hicho kivuli! Mikono hii ipoe, iwe mizito kama mawe!"

"Enkai, iwe mawe!" akaitikia Mama Nashipae, akimwita Mungu kwa Kimaasai.

"Susu, wacha! Kesho!" Mwende akalia. Nikadhani ni pepo anabisha, nikaongeza sauti.

Tulipofungua macho, kocha wake wa ndondi, Naserian, alikuwa mlangoni na glavu shingoni.

"Susu, miezi mitatu namfundisha kupiga hewa ndio ngumi iwe na haraka. Na wewe unaiombea iwe mawe?"

Nikafunga macho tena mbio. "Bwana, ile sala ya kwanza uifute."

Kama nimekosea jina la mtu, mnirekebishe. Hayo maombi sijakosea, niliyasema hivyo hivyo.