Kopo la Unga

Bwana Usafi hakupewa jina lake bure. Kwenye kiwanda cha kusaga unga alikofanya kazi tangu ujana wake, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa usafi, na ukitaka mkosane, wewe mwachie vumbi juu ya mashine. Kila Jumamosi mashine zikizimwa alishika mpira wa hewa, akawasha pampu, akapuliza boriti za paa, nyaya, mabomba na pembe zote zisizofikiwa na ufagio. Unga uliolala huko wiki nzima uliruka, ukajaa hewani mweupe pe, kisha ukashuka taratibu sakafuni na vijana wake wakaufagia. Mgeni akipitisha kidole juu ya mashine, kidole kilirudi kama kilivyokwenda. Mzee mzima akatembea kifua mbele, na nani angemlaumu?

Kazi hiyo ndiyo iliyomlea mdogo wake wa kike. Wazazi walifariki binti akiwa bado anang'oka meno ya utoto, kaka akawa baba, akawa mama, akawa msusi pia, ingawa habari za mafundo aliyomfunga kichwani tuziache zilivyo. Binti alipomaliza shule alishona midomo ya magunia kiwandani hapo hapo. Siku moja mwenzake akakatwa kidole na mashine, na mtu wa kwanza kufika akauliza kama gunia limechafuka. Swali hilo lilimkaa kooni. Hakulala nalo muda mrefu. Akaenda kuomba nafasi chuo kikuu, shahada ya usalama mahali pa kazi.

"Usalama unasomewa chuo kikuu?" kaka alimuuliza. "Si ni kuvaa kofia ngumu na kuangalia unapokanyaga?"

"Ndiyo nakwenda nikajue, kaka. Kama ni kofia tu nitarudi mapema."

Kaka akacheka mpaka akashika mbavu, akatoa ada, na tangu siku hiyo akamwita Profesa mbele za watu, nao wakacheka. Ukimsikia anavyolitamka, ungejua ni utani, lakini pia ungejua anajivuna.

Darasani alikuwa mkubwa kuliko wote, wakamwita Shangazi. Hakujali. Alikuwa amekwenda akiamini kwamba ajali ni mkosi, inakuja inavyotaka na kumchukua inayemtaka. Sasa akawa anafundishwa kwamba ajali ina njia yake, inaanzia mbali, inapita kwa mtu huyu na yule, na popote njiani mtu angeweza kuifungia mlango. Kelele inayoua sikio kidogo kidogo, mgongo unaoharibika kwa kuinua vibaya, harufu tamu inayolaza watu ndani ya tangi. Alirudi bwenini kichwa kimejaa, akatazama mpaka soketi ya ukutani kwa heshima.

Halafu ikaja siku ya kopo. Mwalimu wa somo la moto alikuwa mama mwembamba mwenye sauti ndogo, wanafunzi walimwita Polepole. Alikuja na kopo kubwa la bati, mshumaa, na unga ule ule wa dukani. Akatia kijiko kimoja ndani ya kopo, akawasha mshumaa humo humo, akafunika, akasogea kando na kupuliza hewa kwa kimrija kirefu kilichopenya ubavuni mwa kopo. Kopo likapiga mlio wa kukata maini. Kifuniko kiligonga dari, na ulimi wa moto ukatoka na kupotea kabla mtu hajafumba macho.

Darasa zima likacheka, kile kicheko cha mtu aliyeshtuka. "Kilikuwa kijiko kimoja," Polepole akasema kwa sauti yake ile ile. "Unga ukilala ni chakula. Ukijaa hewani ndani ya jengo, unangoja cheche tu."

Shangazi hakucheka. Alikuwa ameukanda unga tangu utotoni, ameupepeta, ameupangusa usoni na nguoni, na siku zote hizo haukuwahi kumwonyesha kwamba una nguvu hiyo ndani yake. Ndipo akaiona Jumamosi ya kaka yake, lile wingu jeupe kutoka sakafuni hadi paani.

Alimpigia simu jioni ile ile. "Profesa," kaka akamjibu kwa upole kabisa, "mimi nimepuliza tangu wewe hujui kufunga viatu. Umewahi kusikia nimelipuka?" Ilikuwa kweli. Na angemwambiaje mtu aliyemlea kwa kazi hiyo kwamba sifa yake yote ndiyo hatari yenyewe? Basi wakati wa mafunzo ya vitendo ulipofika, wenzake wakakimbilia makampuni makubwa yenye viyoyozi. Yeye akaomba kiwanda kile kile cha unga.

Jumamosi ya kwanza alifika asubuhi, mpira wa hewa tayari unanguruma. Jua lilipenya kwenye matundu ya ukuta, miale ikasimama ndani ya unga kama nguzo, na ukweli usemwe, ilikuwa inapendeza. Chini ya nguzo hizo alikuwepo fundi wa kuchomelea. Kwa kawaida alikuja mchana, baada ya kufagia, lakini siku hiyo alikuwa na kazi nyingine mahali pengine, akaamua kuwahi. Bomba limepasuka, yeye ameshalipiga brashi, ameshashika koleo la umeme, na ndiyo kwanza anashusha kinyago usoni.

Dada aliita, pampu ikameza sauti yake. Akafikiria swichi ya ukutani, akakumbuka kwamba hata swichi hutoa cheche. Akaenda moja kwa moja akakaa juu ya bomba, pale pale penye ufa.

Fundi akainua kinyago. "Dada, mimi nimeitwa kuchoma chuma, sijaitwa kuchoma watu."

"Basi weka koleo chini, kaka yangu. Nakuomba. Twende nje."

Bwana Usafi alipowaona akafunga hewa, akashuka ngazi uso umekunjamana. Vijana wake wote walikuwa wanatazama. "Unanivunjia heshima mbele ya watu wangu?"

"Nitakuomba msamaha mpaka uchoke," akasema, na machozi yalikuwa karibu. "Lakini kwanza nipe unga kidogo kutoka kwenye boriti yako. Uchote mwenyewe, usije ukasema nimeleta dawa."

Akauchota. Uani, mbali na mlango, dada akatoa mkobani kopo alilokuja nalo na mshumaa, akafanya kama Polepole. Kifuniko kilipaa juu ya paa la stoo na hawakukiona tena.

Kaka alilitazama kopo, akatazama jengo, kuanzia chini hadi juu, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa. Dada alijiandaa kutukanwa.

"Fanya tena," kaka akasema.

Akafunika kopo kwa kipande cha bati, akafanya tena. Bati likaruka. Kaka akakaa chini pale pale, kwenye mchanga, yeye asiyekaa popote bila kupangusa.

"Fundi," akauliza, "ni mara ngapi umewahi kuja nikiwa napuliza?"

"Nimesahau, bosi. Si mara moja wala mbili."

Kaka akawageukia vijana wake, akawatazama mmoja mmoja, kila uso kwa zamu yake, wa mwisho mdogo wake ambaye naye alishona magunia chini ya boriti zile zile.

"Sasa kwa nini hatujafa?" akamuuliza.

"Sijui, kaka," akajibu. "Hilo hawajatufundisha."

Unga ndani ulipomaliza kutua, kaka aliinuka, akaukunja mpira wa hewa na kuutupa nje ya uzio. Akatafuta brashi laini na beseni, akaegemeza ngazi kwenye boriti ya kwanza. Kazi ya asubuhi moja sasa ingekuwa ya siku nzima, na alijua.

"Nishikie ngazi, Profesa," akasema.

Safari hii hakuna aliyecheka.