Kadi ya Kipa Wetu

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema hivyo. Wenzangu wanaogopa nyoka, wanaogopa radi ya Kisumu ambayo kweli haina masihara. Mimi naogopa picha ya mtu iliyokatwa kwa wembe. Uoga huo niliupata nikiwa na miaka kumi, katikati ya miaka ya sitini, na niliupata kwa sababu ya kadi za mpira.

Kadi zilikuja ndani ya chingamu. Ulinunua pakiti kwa Mhindi wa duka la kona, ukaichana, ukakuta mchezaji wa Ulaya aliyechanwa nywele vizuri, amesimama kwenye nyasi za kijani ambazo sisi tulisema hakika zimepakwa rangi. Chingamu yenyewe tuliitafuna mpaka ikawa ngumu kama kamba ya kiatu, lakini mali ilikuwa kadi. Wavulana walizipanga chini wakazipiga kwa kiganja; aliyeigeuza kadi, aliichukua. Mimi sikutaka kupoteza kitu, kwa hiyo nilibadilishana tu, kwa maneno matamu na kwa ukaidi. Nilipofika darasa la nne, kopo langu la kakao lilijaa hata kifuniko hakikushika.

Nilikosa kipa. Sijui kwa nini, lakini katika chingamu zote za Kisumu sikuwahi kupata kipa hata mmoja, na timu bila kipa ilikuwa ikininyima raha. Tena nyumbani kwetu alikuwepo kipa mzima. Baba mdogo, ndugu yake baba, alifanya kazi gatini na kuidakia timu ya watu wa gati. Alikaa nasi na kulala sebuleni, na chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati lenye picha ya timu: safu mbili za wanaume, yeye katikati amekumbatia mpira.

Siku moja nikabaki peke yangu, nikachukua wembe wa baba. Nilimkata baba mdogo kuanzia kichwani hadi kwenye mpira, nikambandika kwa ugali kwenye kipande cha pakiti ya sigara, na nyuma nikaandika namba moja kwa penseli. Ilitoka kadi safi kuliko zote. Picha yenye shimo niliirudisha sandukuni, nikajiambia kwamba hatalifungua mpaka Krismasi.

Krismasi hakuifikia. Malaria ilimpanda kichwani, akalazwa siku nne, akafa.

Nyanya alikuja kutoka upande wa Luanda Kotieno kumchukua mwanawe akazikwe nyumbani. Kwetu picha ya marehemu huwekwa juu ya meza karibu na jeneza, watu wamwone alivyokuwa, kwa hiyo kitu cha kwanza alichotafuta kilikuwa picha. Alifungua sanduku. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamwona akiitoa ile picha ya timu, akaitazama, kisha akaiachilia ikaanguka kama kitu kilichomchoma vidole.

"Wamekata kichwa ya mtoto wangu," alisema.

Hakuna aliyefikiria mtoto na kopo lake la kakao. Mtu akikatwa kichwa kwenye picha kisha akafa kwa ugonjwa wa kichwa, watu wazima wa kwetu hawakuwa na haja ya kuuliza kimefanyika nini. Waliuliza tu nani amefanya. Nikawasikia wakihesabu: nani huja hapa? Nani hulala hapa? Na nani Jumapili iliyopita, mwenzake akiwa bado hospitali, alivaa jezi namba moja?

Huyo alikuwa kipa wa akiba, rafiki ya baba mdogo. Ndiyo, alilala kwetu mara nyingi, kwenye mkeka kando ya kile kitanda. Na ndiyo, alivaa jezi, maana timu haiwezi kucheza bila kipa.

Alifika alasiri hiyo hiyo pamoja na wachezaji wenzake, ameibeba jezi hiyo, imekunjwa vizuri, ili iwekwe ndani ya jeneza. Wajomba zake baba, waliokuja na nyanya, walimzuia uani wakamwambia akae chini. Wawili walikuwa na fimbo.

"Bwana, kichwa ya huyu kijana iko wapi?" mmoja akamuuliza.

"Kichwa gani, Mzee?"

Wakamwonyesha picha. Aliitazama sana, na jasho likaanza kumtiririka. "Mimi sijui hii kitu," alisema. "Huyu alikuwa ndugu yangu. Ulizeni yeye..." Akakumbuka kwamba wa kuulizwa amelala kwenye jeneza.

Mimi nilikuwa mlango wa jikoni, kadi nimeificha ndani ya gauni, inanikwaruza tumboni. Nilijikojolea; niseme ukweli. Niliona fimbo ikiinuka, nikajua kwamba nikinyamaza huyu mtu atapigwa, pengine auawe, na nikisema nitapigwa mimi. Nilimvuta baba shati mpaka nyuma ya bafu, nikampa kadi.

Baba aliigeuza. Aliuona mwandiko wangu, ambao yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

"Nani mwingine hapa nyumbani ameona hii?"

"Hakuna, Baba."

Alitazama jikoni, mama alikokuwa akipika chai ya waombolezaji. Mama alikuwa Mluhya, baba Mjaluo, ndiyo maana kwetu tuliongea Kiswahili, na ukoo wa baba haukuwahi kumzoea.

"Wakijua ni wewe, watasema mama yako alikutuma," alisema. Akaitia kadi mfukoni, akafunga kifungo.

Nilimfuata mpaka uani. Niliamini kwamba ataitoa. Alisimama mbele ya wajomba zake, akasema kwa sauti ya upole: "Mwacheni aende. Hatutaki damu kwa matanga. Lakini huko nyumbani asikanyage, na hapa kwangu asirudi."

Fimbo zilishuka. Kipa wa akiba akainuka, akaiweka jezi kwenye kiti, akaondoka peke yake, wenzake hawakumfuata. Mzimu wa baba mdogo sikuuogopa hata nusu ya nilivyoiogopa ile sauti ya upole ya baba. Kadi zangu nilizichoma jikoni, na baba hakuniuliza. Jambo hilo hatukulizungumzia tena mpaka baba akafa.

Maneno yalienea gatini. Timu ilimwacha kipa wa akiba, akina mama wakaanza kuwaita watoto wao ndani alipopita, na mwisho akauhama mji. Miaka ya sabini ikielekea kwisha nilipelekwa kufundisha Port Victoria, na Jumamosi moja nilikwenda kununua samaki pamoja na binti yangu wa miaka mitatu. Aliyekuwa akipima samaki alikuwa yeye. Nilimtambua mara moja. Yeye hakunitambua, kwake nilikuwa mwalimu mgeni tu.

Binti yangu, ambaye humsalimia kila mtu, alimnyooshea mkono. Yule mwanamume hakuushika. Aliificha mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, akanitazama mimi kwanza.

"Mama," aliniuliza, "naweza salimia yeye?"

Nilisema anaweza. Sikusema lingine.