Niliziba Matundu ya Chesisi, Nikamwita Fundi Mwizi

Nilikosa. Wacha niseme mapema kabla sijaanza kujitetea, kwa sababu mimi ni mtu wa kujitetea sana. Lakini mjue pia: nimekuja kukubali kosa langu mwenyewe. Yale mengine watu wa Noonkopir, mtaa wetu hapa Kitengela, wananisema, sikubali na sitakubali!

Bwanangu alipofariki, katikati ya miaka ya tisini, aliniachia watoto watatu na Landrova kuukuu. Ndiyo tulikuwa tukibebea chumvi ya mifugo kutoka Magadi, tunauza Kitengela na Kajiado. Matanga hata hayajaisha, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akaniambia, "Hiyo gari si ya mwanamke. Itakuozea mkononi."

Nikamwambia, "Ngoja uone." Nikajifunza kuendesha. Ndiyo, na sketi yangu na kitambaa kichwani! Hilo sijutii hata kidogo.

Shida ilikuwa kutu. Chumvi haina huruma kwa chuma. Magunia yanavuja, mvua ikinyesha inakuwa maji ya chumvi, na maji hayo yanakula chesisi, vile vyuma viwili virefu vinavyobeba gari yote. Ndani viko wazi kama bomba, na chini viko na matundu madogo. Nikaona chesisi yangu imeanza kuwa nyekundu. Nikashikwa na wasiwasi.

Nikanunua lami, nikaichemsha kwa debe, nikalala chini ya gari na brashi. Fundi wetu alikuwa Musyoka, Mkamba mmoja mpole aliyetengeneza hiyo gari tangu bwanangu akiwa hai. Akapita, akasimama.

"Mama, umekwaruza kutu kwanza?"

"Lami itaifunika."

"Kutu ikifunikwa haifi. Itoe na brashi ya waya, osha chumvi, acha ikauke, paka ile rangi nyekundu ya chuma, ndiyo uweke nyeusi juu. Na hayo matundu usiyazibe! Maji hutokea hapo."

Sasa, siku mbili kabla nilikuwa nimemwona Musyoka akinywa chai na shemeji. Nikaunganisha mambo mwenyewe kichwani. Nikatoka chini ya gari, lami mpaka kwa nyusi.

"Umetumwa! Mnataka gari iniharibikie ndio mnichukulie!"

"Mama, nani anitume? Mimi naongea juu ya chuma tu."

Nikamfukuza. Nikarudi chini, nikaziba matundu yote, moja baada ya lingine, kwa hasira.

Kama ningeishia hapo, ningekuwa mjinga tu. Lakini niliendelea! Nilizunguka gereji zote za Noonkopir nikisema Musyoka ameniibia jeki. Uongo mtupu. Jeki ilikuwa kwangu, chini ya kitanda.

Watu waliamini. Nani atabishana na mjane analia? Wateja wakamhepa. Mwaka haukuisha kabla hajafunga kibanda chake na kuhamia Kajiado.

Na gari iling'aa! Nyeusi tititi. Nilikuwa nainama kuitazama najisifu.

Kama miaka mitatu ikapita. Siku hiyo tulikuwa tukitoka Magadi na mzigo, mimi nikiendesha, mdogo wangu Wambui kando yangu. Karibu kufika Kona Baridi, pale mlima unapokaza, nikasikia mlio kama wa mti mkubwa ukivunjika. Nyuma ya gari ikalala chini. Usukani ukakataa kunisikia. Tukaacha barabara, tukagonga ukingo wa mawe. Woi!

Mimi nilitoka bila mkwaruzo. Wambui alivunjika mkono mahali pawili, na mpaka leo hauinuki kupita bega. Alikuwa msusi wa nywele. Hasuki tena.

Gari ikavutwa mpaka nyumbani. Shemeji akaja, hata hakuuliza Wambui anaendeleaje. "Ichomelewe juu juu," akasema, "upake nyeusi, tuuzie mtu wa mbali asiyejua."

"Ili dada ya nani avunjike?" Nikamfungulia geti atoke.

Kesho yake nikaenda Kajiado. Nilimpata Musyoka chini ya trekta. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu ningekaa ningelia, na sikutaka anionee huruma. Akapangusa mikono polepole.

"Gari nitatengeneza," akasema. "Jina langu utatengeneza wewe."

Alikuja. Alipogusa lami na patasi ikabanduka vipande vipande, na nyuma yake hakukuwa na chuma cha maana, ni makapi tu. Akazibua tundu moja kwa msumari, tope ya chumvi ikamwagika, bado mbichi. Ngai! Miaka yote hiyo nilikuwa nimeifungia ndani mwenyewe.

Akakata chuma kilichooza, akachomelea kipya. Nami nikafanya kazi yangu. Siku ya soko, saa sita mchana, nikapita gereji kwa gereji nikisema, "Musyoka hakuiba. Mimi nilidanganya." Mmoja akacheka, akasema hayo ndiyo matokeo ya wanawake na magari. Nikamwambia sketi haijaozesha chuma mahali popote. Ni uvivu wa kutokwaruza kutu na kiburi cha kutosikia, na vyote hivyo hata yeye aweza kuwa navyo.

Musyoka hakurudi kufungua kibanda Noonkopir. Tukikutana ananisalimia vizuri, lakini nikimkaribisha kwangu anakataa. Ni haki yake.

Shemeji bado anataka niuze. Siuzi! Bado naenda Magadi, na kila mzigo ukishuka nalala chini ya hiyo gari na maji safi na brashi ya waya.

Wewe uliye na gari ya kazi, kwaruza kabla ya kupaka, na matundu ya chini uyaache wazi. Na kama kuna mtu ulimchafulia jina, usitubu kanisani kimya kimya ukadhani umemaliza. Rudi pale pale ulipomsemea, watu wakiwa wengi, useme ni wewe. Utaona aibu. Sema tu.

Watakucheka. Wacheke!