Kinywaji Kisicho na Msimamo

Miaka ile kila mtu alitakiwa awe na msimamo. Chuoni tuliuimba, tuliuandikia insha, na mtu aliyeshukiwa kuwa hana alitazamwa kama mwenye upele. Kwa hiyo naona haya kidogo kusema kwamba utafiti pekee nilioufanya kwa moyo wangu wote, likizo ya mwaka wangu wa pili chuo kikuu, ulikuwa wa kutafuta kinywaji kikali kisicho na msimamo hata chembe.

Chanzo kilikuwa kaka yangu. Alikuwa fundi wa mashine za mashua pale Mwigobero, Musoma, na alitaka kumwoa binti wa Buswahili, kule Butiama. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kupelekwa, wakapapaswa mbavu, wakakubaliwa. Baba wa binti aliridhika. Padri alikuwa anangoja tu kuambiwa atangaze ndoa. Kilichobaki ni babu.

Babu huyo, kama mababu wote wa kwetu, alimwita mjukuu wake "mke wangu" na kaka yangu akamwita "mwizi." Huo ni utani, na kila mtu aliucheka. Lakini ndani ya utani huo alikuwa ameficha sharti, nalo halikuwa la kuchekesha.

"Huyu mwizi anakulaga kwa maji," alisema siku tulipokwenda kumsalimu. "Mchana yuko juu ya maji, usiku ananuka maji. Mimi mke wangu simtoi mpaka niende nione hayo maji yanabebaje mtu."

Alikuwa hajawahi kukanyaga ndani ya chombo chochote cha ziwani, ingawa kutoka mlimani kwake kwa zamani ziwa lilionekana siku ya hewa safi. Nasema kwa zamani kwa sababu sasa alikaa kijijini, kando ya barabara, alikohamishiwa na serikali, na jambo hilo alilitaja kila alipopata nafasi. "Nilishapakiwa kwenye lori mara moja," alimwambia kaka yangu, "nikaambiwa twende, utaona raha. Sasa na wewe unataka kunipakia. Sawa. Ila safari hii nikisema nirudishwe, narudishwa."

Tulielewa. Akirudi na hapana, ng'ombe nao wangerudi walikotoka, na kaka yangu angebaki kuoa mashine zake.

Basi yakapangwa matembezi ya ziwani, Jumapili baada ya misa: kutoka Mwigobero, kuzunguka visiwa vya karibu, na kurudi. Mashua tuliazimwa na nahodha mmoja wa dagaa, rafiki wa kaka, mtu aliyependa chombo chake kuliko wanadamu. Alitoa sharti lake pia.

"Kreti moja tu ya chupa," alisema. "Ukitaka kuongeza kreti, punguza mkwe."

Kaka yangu alinigeukia. "Wewe ndiye umesoma. Mambo ya vinywaji ni yako."

Sijui alifikiri tunasomea nini huko. Lakini sikukataa, kwa sababu nilijiona nina ujuzi. Jioni moja Dar es Salaam nilialikwa kwa mhadhiri mmoja mgeni, nikamwona akichanganya vinywaji ndani ya chupa ya chai, akiitikisa kama kayamba, kisha akimpa kila mgeni glasi yenye rangi yake na kitunda kilichochomwa kijiti. Nilikunywa glasi moja, nikaangalia sana, nikajihesabu nimehitimu.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Bia hazifai: kreti moja ya bia mbele ya wazee wa Butiama ingekauka kabla hatujayapita mawe ya ghuba. Lakini kinywaji kikali, kikipata cha kuchanganyia, chupa chache zinageuka ndoo. Tatizo ni kwamba soda zilikuwa za kutafuta kwa tochi na sukari ilikuwa ya foleni. Vya kuchanganyia vingekuwa vile tulivyonavyo: ukwaju, ndimu, tangawizi, maziwa. Kwa hiyo nilihitaji kinywaji kimoja kinachoelewana na vyote hivyo. Nikakusanya watahiniwa wangu, nikapanda basi kwenda Bunda kwa shangazi.

Shangazi alikuwa na hoteli ndogo karibu na kiwanda cha kuchambulia pamba. Hakunywa pombe maisha yake yote, lakini alikuwa amewauzia chai madereva wa malori ya pamba kwa muda mrefu kiasi kwamba mtu akisema tu "hodi," yeye alijua amelala na chupa gani. Niliona hakuna jaji bora. Nilipanga chupa zangu mezani, katikati ya sahani za maandazi. Nje malori yalipita na nyuzi za pamba zikaingia dirishani na kutua juu ya kila kitu.

"Mura, kijana wangu," alisema, "chuo kikuu wanawafundishaga haya?"

"Ni utafiti, shangazi."

"Utafiti unanukaga hivi?"

Tulianza na brandi, niliyopewa na mzee mmoja rafiki wa baba. Tukaitia kwenye ukwaju: ikawa brandi. Kwenye tangawizi: brandi. Kwenye maziwa: brandi iliyonenepa. Shangazi alinusa tu, akaisukuma pembeni. "Huyu ni mgeni anayeongea peke yake."

Wiski, robo chupa, ilitia moshi katika kila ilichogusa, hata andazi lililokuwa jirani. Shangazi alisema inamkumbusha nyumba iliyoungua.

Chupa ya tatu ilitoka Mugeta, kwa mjomba wangu ambaye sitasema alikuwa akifanya nini vichakani, maana serikali ilikuwa ikilitafuta jibu hilohilo. Ilikuwa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Gongo ile tuliitia kwenye maziwa, na maziwa yakakatika papo hapo, yakashuka chini mabongemabonge kama yaliyotukanwa.

"Mwaga," shangazi alisema. "Pombe inayogombana na maziwa itagombana na wakwe."

Ikabaki konyagi. Haikuwa na rangi. Harufu yake ilikuwa ya adabu, ya mtu anayekaa karibu na mlango. Kwenye ukwaju ikawa ukwaju wenye furaha, kwenye tangawizi ikawa tangawizi yenye miguu, na kwenye maziwa yakabaki maziwa mpaka ulipojaribu kusimama. Nilipojaribu kusimama shangazi alicheka hadi akakaa.

"Hii haina kwao," alisema akifuta machozi. "Popote unapoiweka inasema ndiyo. Chukua hii. Kama ingekuwa mtu ningemwogopa, lakini ni pombe."

Nikarudi Musoma na jibu langu. Ilibidi nimjue mtu anayemjua mtu wa dukani, lakini kreti ilijaa, soda kadhaa za chungwa pembeni kwa wasiokunywa. Nikatengeneza ukwaju, nikasaga tangawizi, nikaazima glasi kwa majirani na sinia kubwa la maua. Nilijiona kama bwana mhadhiri mwenyewe.

Jumapili walifika wageni kwa gari la kukodi: babu, mwanawe ambaye ndiye baba mkwe, na wazee wachache wa ukoo. Binti na mama yake walibaki ufukweni kwenye kivuli cha vibanda vya samaki. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hukwepana kwa heshima, na mashua haina pa kukwepea ila ndani ya maji. Wazee kila mmoja alikuja na mrija wake, ile mirefu ya kunywea pombe ya mtama, ya babu ikiwa imesuguliwa na miaka mpaka inang'aa. Niliipokea yote kwa heshima kubwa na kuilaza mbele ya mashua, kama mtu anayepokea miavuli ya wageni siku isiyo na mvua. Leo, nilijiambia, wataona mambo ya glasi.

Nahodha alikuwa ameiosha mashua kwa sabuni, sasa ikawa inanuka dagaa safi. Babu aliketi katikati, mikono yote miwili imeshika ubao. Kaka yangu alivuta kamba, mashine ikanguruma, ukingo wa Mwigobero ukaanza kurudi nyuma.

"Mwizi!" babu alipaza sauti juu ya kelele. "Hii mashine ikinyamaza inakuwaje?"

"Hainyamazi, babu!"

"Mimi sikuuliza kama inanyamaza!"

Tulipoyapita mawe ya ghuba nikaona wakati umefika. Ili upepo usinimwagie, nilichuchumaa nyuma ya tangi la mafuta, nikawapa watu mgongo, nikachanganya. Nilimpa kila mmoja kile nilichoona kinamfaa: babu ukwaju mwekundu, baba mkwe maziwa, mzee huyu tangawizi, yule ndimu. Nikageuka na sinia langu. Ilikuwa kazi nzuri, na hata leo nitasema hivyo.

Walipokea. Walinishukuru. Hakuna aliyekunywa.

Walikaa na glasi mikononi wakitazamana rangi. Nilidhani ni mshangao wa sanaa. Baba mkwe aliyatazama maziwa yake, kisha akautazama ukwaju wa baba yake, kisha akatazama maji. Mashine ilinguruma. Babu aliinamisha glasi yake taratibu, akaiweka juu ya ubao.

"Kijana," aliniambia, bila utani sasa. "Mimi umenipa damu, huyu umempa maziwa, yule sijui nini. Umeipika huko nyuma ya tangi, mgongo huku. Hujaonja." Akamgeukia kaka yangu. "Geuza chombo. Nirudisheni."

Niliona uso wa kaka yangu. Alikuwa ameahidi kwamba babu akisema arudishwe, atarudishwa, na alianza kukisukuma kipini cha mashine. Pua ya mashua ikaelekea Mwigobero.

"Na mrija wangu nipeni," babu alisema.

Nilitambaa hadi mbele kuuchukua. Mirija yote ilikuwa imelala pale, nikaikumbatia kama kuni, na ndipo akili iliyosomeshwa kwa jasho la wakulima ilipoamka. Wazee hawa walikuja na mirija. Hakuna mtu anayebeba mrija ili akae peke yake na kikombe chake. Mrija ni wa chungu kimoja, watu wakizunguka, mwenye nyumba akitangulia kunywa ili wote waone hafi. Mimi niliwagawa watu wa chungu kimoja, kila mtu na rangi yake, kama wagonjwa wa wodini.

Chungu hatukuwa nacho. Lakini chini ya ubao wa nahodha kulikuwa na sufuria kubwa ya kupikia ugali wa wavuvi. Niliivuta.

"We! Hiyo ni ya kazi!" nahodha alisema.

Niliiweka katikati, miguuni pa babu, mbele ya macho ya wote. Nikamwaga humo glasi zote: ukwaju, tangawizi, ndimu, maziwa. Nikafungua chupa za konyagi moja baada ya nyingine, nikamimina. Na maziwa, ambayo konyagi ilikuwa imeyastahi, yalikutana na ukwaju na ndimu yakakatika vibaya sana. Kitu kilichobaki mle ndani kilikuwa cha kahawia, kizito, mapande yakielea na povu pembeni. Nilikitazama nikaona likizo yangu yote inaelea humo.

Babu aliinama. Aliangalia muda mrefu.

"Eeh," alisema. "Hii sasa ni pombe."

Nilipiga magoti, nikanywa wa kwanza. Sitaeleza ladha. Wote walinikodolea macho wakingoja nife au nimeze, nami nikameza, na mzee mmoja akasema, "Amekunja uso lakini yupo." Wakacheka. Mirija ikaanza kuingia sufuriani mmoja mmoja.

Babu hakunywa bado. Alishika mrija wake, akamtazama kaka yangu kule nyuma.

"Mwizi, njoo. Tunywe."

"Nikiiacha mashine babu, tutazunguka hapa hapa."

"Basi izime."

Kaka yangu alisita, kisha akaizima. Sikuwa najua kelele ile ilikuwa kubwa kiasi gani mpaka iliponyamaza. Tulisikia maji yakigonga ubavu, na ndege fulani mbali, na mzee akivuta mrija. Mashua iliteleza kidogo, ikapunguza, ikasimama. Babu aliachia ubao mkono mmoja. Akangoja. Akauachia wa pili.

"Kumbe," alisema polepole, "ziwa linabeba tu lenyewe."

"Linabebaga, babu," kaka alisema.

Babu alikunywa, mvuto mrefu, kisha akafuta ncha ya mrija kwa kiganja na kumpa kaka yangu ule ule. Kaka yangu akanywa. Baba mkwe akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu Buswahili.

Ufukweni, tuliambiwa baadaye, binti na mama yake waliona mashua imegeuka kurudi, kisha mashine ikanyamaza, na vichwa vyote vikainama pamoja. Mama alianza rozari. Binti, ambaye sasa ni shemeji yangu, anasema yeye alijua tumeelewana. Hakujua.

Tuliporudi Mwigobero sufuria ilikuwa tupu na babu alishuka mwenyewe, akakataa mkono wa kila mtu, mrija begani. Chini ya kwapa alikuwa ameibana sufuria.

"Mzee!" nahodha alipiga kelele kutoka majini. "Sufuria yangu hiyo! Wavuvi watapikia nini?"

Babu hakusimama. Alikuwa amemfikia mjukuu wake, akamshika mkono na kumsogeza kwa kaka yangu, mbele ya vibanda vyote vya samaki.

"Sikiliza maneno ya huyu," alisema. "Mimi nimewaachia mke mzima, silii. Yeye analilia sufuria."